Mama Yako Alivyosinzia Njia ya Goba

Esta mama,

Mama yako alilala ndani ya gari jana. Wewe ulikuwa unaendesha, yawezekana hukuona ajabu yoyote, lakini mie nimepigwa na butwaa na mpaka sasa hivi, jua linazama, halijanitoka. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi kuliko umri wako. Namjua anavyolala. Nimemwona akisinzia kanisani katikati ya mahubiri, nimemwona akisinzia kwenye foleni ya hospitali, kasimama, kaegemea ukuta. Kwenye gari? Haki ya Mungu, sijawahi.

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari langu jekundu hapa uani, karatasi nimeilaza juu ya usukani. Nawasikia wewe na mama yako mnabishana kama ndoo ya unga ikae kiti cha nyuma au kwenye buti. Habari za baridi ya Njombe uendako kuanza kazi, za kuchemsha maji, za kutia komeo mlangoni, hizo mama yako amekwisha kukumalizia, tena mara tatutatu. Sina la kuongeza. Mie nina langu moja, na kulisema kwa mdomo nimeshindwa. Tangu uliponiambia jana, "Baba, keshokutwa usije, tutaenda mimi na mama," hatujasemeshana zaidi ya shikamoo na marahaba, na kesho asubuhi unaondoka.

Najua mnasema nimenuna. Sijanuna. Nimeishiwa maneno.

Nianze na gari lako, maana ugomvi ulianzia hapo, na sitaki udhani nimebadili mawazo. Gari lako ni baya. Sisemi bovu. Lingekuwa bovu ningepata pa kushika, ningefungua boneti nikapekua. Hili ni zima mno! Unabonyeza kitufe, linaamka bila hata kukohoa. Halina gia, lina herufi. Usukani mwepesi, unauzungusha kwa kidole kimoja kama unakoroga chai. Ukikanyaga mafuta linalia kama blenda, halafu linafikiria kwanza, ndipo linaondoka. Ukisogelea mstari linakupigia kelele. Ukirudi nyuma linakuwashia televisheni. Sasa dereva kabaki na kazi gani jamani, kufunga mkanda?

Na yalivyojaa! Simama Kimara Mwisho asubuhi utazame barabara: jeupe, jeupe, jeusi, jeupe. Kila mwenye mkopo wa kazini kanunua hilohilo. Unakumbuka Jumapili ile tulipolipeleka kanisani likaombewe? Mchungaji kamaliza sala, watu wameitikia amina, wewe mwenyewe ukaenda kufungua mlango wa gari la mzee wa kanisa, rangi ileile, sura ileile. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nikasema mbele ya watu wote, "Mwanangu kanunua friji lenye matairi!" Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulinijibu taratibu, "Baba, mie nataka kufika tu."

Nikaona hilo ni jibu la mtu asiyejua gari. Mtoto wa mwalimu wa udereva, mwalimu aliyefundisha nusu ya Temeke kushika klachi, anataka kufika tu! Nikakwambia hata tenga la nyanya linataka kufika tu. Nakumbuka nilivyosema, na nakumbuka nilivyojiona nimesema la maana.

Mwanangu, mie gari nilianza kulipenda kabla sijajua kupenda mtu. Pale Makambako, nikiwa kijana, kulikuwa na dereva wa lori aliyenipandisha nikamsaidie kupakia viazi. Tukiwa mteremkoni akaniambia, "Fumba macho usikilize." Nikafumba. Akarudisha gia, injini ikabadili sauti, lori zima likajishika kama mtu aliyekumbuka jambo. Nilisisimka mwili mzima. Tangu siku hiyo nilijua gari linaongea, na nikataka kuwa mtu linayeongea naye. Nimekuwa mtu huyo. Naweza kukwambia gia gani iko tumboni mwa gari linalopita nje ya ukuta huu. Sijawahi kugonga hata kuku, na hilo mtu asiniondolee.

Kazini nilikuwa nawaambia wanafunzi polepole, angalia kioo, usishtue abiria. Nikitoka kazini, nikiwapakia nyie, nilikuwa napumzika. Ndivyo nilivyokuwa nikikuita kule kukanyaga mafuta. Kupumzika!

Sasa jana. Tunakwenda Mbezi Beach kumuaga shangazi yako. Tangu ulinunue gari lile nilikuwa nimeapa sipandi, na jana nisingepanda kama jekundu lisingeamka na pancha. Ukanifungulia mlango wa mbele, kiti cha mkubwa. Nikakataa kwa maringo. Nikasema nitakaa nyuma kama bosi, nisije nikaonwa na watu wanaonifahamu nimekaa mbele ya friji. Mama yako akaenda mbele. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawa nimekaa nyuma ya mke wangu njiani, namwona kisogo.

Tukapinda Mbezi Mwisho, tukaingia njia ya Goba. Unajua ninavyoipenda njia ile: mlima, bonde, kona, mlima tena. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi huku nyuma. Nalalamika kimoyomoyo: hapa angerudisha ya tatu, hapa angeachia, sasa huyu anangoja nini? Wewe unakwenda zako. Mara nikaona kichwa cha mama yako kimedondoka upande. Kikaja huku, kikarudi kule, kikalala begani.

"Simamisha!" nilipiga kelele. "Esta, simamisha gari! Mama yako kazimia!"

Ukakanyaga breki, friji likapiga milio yake yote. Mama yako akakurupuka.

"Nini? Tumefika?"

"Umezimia wewe!"

"Nimezimia wapi? Nimelala." Akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Niacheni nilale, usingizi mtamu hivi."

"Umelala? Kwenye gari?"

"Kwani kuna sheria?"

"Mbona kwenye langu hulalagi?"

Akanitazama kwa juu ya bega. "Kwenye lako nikilala, nani atamwomba Mungu?"

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, mama. Nikaona macho yenu wawili yanakutana, yale macho ya watu wanaojua jambo lao la siku nyingi. Hapo ningenyamaza. Lakini mdomo wangu huu unaujua. Nikasema, "Basi tumshukuru Mungu, maana hata Esta siku hizi hatapiki. Tumbo limekomaa."

Ukaegesha pembeni, karibu na wale wauza matofali. Ukabonyeza kitufe chako, gari likazima. Ukageuka ukanitazama.

"Baba, mie sijawahi kuumwa tumbo. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Wewe."

Yesu wangu! Nilitaka ucheke useme unatania. Hukucheka. Ukaongeza, kwa sauti ya chini, "Wewe ukiendesha," na sijui kama hiyo ilikuwa kunipunguzia au kunizidishia.

Mie kwa miaka yote nimesimulia watu habari za tumbo lako. Wanafunzi wangu wote waliisikia: binti yangu tukifika tu mlima wa Kitonga, njiani kwenda kwa bibi yake, kona ya kwanza, mfuko wa nailoni, kona ya pili, ndimu ya kunusa, kona ya tatu, mama yake anampepea. Niliisimulia kama kichekesho. Nilikuwa nasema mtoto wa dereva kazaliwa na tumbo la abiria. Mama yako alikuwa anabeba ndimu kila safari, na mie nikiona zile ndimu nacheka. Kioo cha ndani kilikuwa kinanionyesha uso wako wewe. Nilikuwa nakipinda nione lori lililoko nyuma, nipime kama naweza kuliacha mbali zaidi.

Nikamgeukia mama yako nikitafuta shahidi wa upande wangu. Nikamwambia, "Msikie mwanao." Badala ya kunitetea akaniongezea jingine.

"Baba Esta, hata marehemu mama yako alikuwa anaogopa. Unadhani kwa nini kila mwaka alikuwa anakuja kwa basi?"

"Alisema basi lina watu wa kuongea nao!"

"Angekwambiaje sasa? Ulimchukua mara moja tu kutoka Makambako. Alipofika hapa Kimara alishuka akashika ukuta. Akaniambia, 'Mkwe, huyu mwanangu nampenda, lakini sitarudi naye.'"

Loo! Mama yangu mzazi. Na mie nilikuwa namwambia basi linachelewa, basi lina vumbi, njoo mwanao akubebe kama malkia. Ananicheka, ananishika shavu, anakwenda kituoni na kapu lake la maharage. Kumbe ananikwepa. Nilikaa pale kiti cha nyuma nikijiona mgeni kati ya watu wa nyumba yangu.

Ningetamani yangekuwa yameishia hapo. Lakini ukasema, "Na msiba wake je?"

Mama yako akakwambia, "Esta, acha." Wewe hukuacha, na sasa naona ulifanya vizuri kutoacha. Uliyoyasema nayarudia hapa kama ulivyoyasema, ili ujue niliyasikia. Ulisema: "Mliniacha kwa Mama Juma. Ulisema tumbo langu litawachelewesha kuzika. Nilimwambia mama nitafumba macho njia nzima, sitatapika, sitalia. Mkaondoka. Mie ndiye niliyepewa jina lake, baba, na sikumtupia hata udongo."

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Kuhusu siku ile mie nakumbuka nini, unataka kujua? Nakumbuka nilivyopanda Kitonga. Mama yangu amekufa na mie nakumbuka gia. Nilifika kijijini mapema mpaka wajomba wakashangaa, wakanisifu, nami huku nimevaa nguo za msiba nikawa nawaeleza nilipoyapita malori. Kaburini mchungaji akaita wajukuu wasogee watupie udongo. Shangazi mmoja akauliza, "Somo wake yuko wapi, Esta mdogo?" Nikajibu neno moja: "Tumbo." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Wakakuhurumia wewe, kwa tumbo, na hakuna aliyenihurumia mie kwa ujinga.

Nimekuita mama tangu siku uliyozaliwa kwa sababu ya jina hilo. Halafu siku mwenye jina anazikwa, nikakuacha nyumba ya jirani na kiti cha nyuma kiko kitupu. Nilipokuwa naliandika hili hapa usukanini imenibidi niweke kalamu chini kwanza.

Na bado ulikuwa hujanimaliza. Ukasema, "Njombe hawakunipanga, baba. Niliomba mwenyewe."

Mie barua yako ya kazi ilipokuja niliilaani. Nilisema wamekutupa mbali, mtaalamu mzuri wa maabara, hospitali zimejaa hapa Dar. Nilikuwa nimeanza kuulizia mtu wa kunisaidia wakurudishe. Wewe ulikuwa umeomba uwe karibu na kaburi la bibi yako, na ukanunua gari la kukufikisha pale bila kumtegemea mtu, na bila kumwogopa mtu. Hilo ndilo uliloniambia siku ile kanisani kwa maneno machache, na mie nikakujibu habari za nyanya.

Ndipo ukasema nisije. "Nataka nifike kwa bibi nikiwa mzima." Ukabonyeza kitufe, tukaenda. Kwa shangazi yako nilipewa soda, ikapata moto mkononi. Aliniuliza kama naumwa, nikasema joto.

Leo baada ya ibada nimekwenda Chang'ombe, gerejini kwa fundi Sudi, pale tunapokaaga Jumapili sie wazee wa gia za mkono. Nilikwenda kutafuta watu wa kuniambia kwamba umenikosea heshima. Niliwakuta wamekusanyika kwenye injini ya mtu, wanaisikiliza, wanayacheka magari ya vitufe kama kawaida yetu. Nikawakatisha. Nikauliza, "Hebu niambieni. Mke wako ameshawahi kulala kwenye gari, wewe ukiwa unaendesha?"

Mmoja akainama akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa kaishika. Sudi akajikuna kichwa.

"Wangu mie anapandaga bajaji," akasema. "Anadai gari langu linanuka petroli, linamchafua moyo."

"Linanuka?"

Akafikiri. Nikamwona uso wake unabadilika, pole maskini, kama nilivyobadilika mie njia ya Goba. "Halinuki, bwana," akasema. "Injini nimeifungua mwenyewe. Halinuki hata kidogo." Akakaa juu ya tairi. Hakuna aliyecheka magari ya mtu tena mpaka nikaondoka.

Mama, mie sikushauri uache kupenda kitu kwa moyo wote. Mtu asiyependa kitu anachosha, hata kuishi naye ni kazi. Ninachokwambia ni kwamba mie penzi langu niliwapakia nyie ndani yake, nikafunga milango, sikumwuliza mtu. Na mkanyamaza. Usifikiri nawalaumu kwa kunyamaza. Kila aliyesema "punguza" nilimwita mwoga, nikamcheka, nikaongeza kidogo ili nimwonyeshe. Mara ngapi mtu ataomba, akichekwa? Ataacha. Na mie ule ukimya wenu nikauhesabu kuwa raha.

Huko uendako utakuwa unawachoma watu sindano, unawatoa damu, na mkono wako ni mwepesi, najua. Kuna mtu atakukunjia uso na atasema haumii. Usimwamini haraka. Muulize tena, halafu usimcheke. Siku utakapokuwa mkubwa wa maabara, na utakuwa, ukiona watu wa chini yako wote wametulia, hakuna anayelalamika, jiulize kwanza kama wametulia au wanasali.

Na ukiwa umekosewa na mtu unayempenda, usingoje miaka kumi na mitano. Mie mngeniambia tangu enzi zile za ndimu ningebisha, ningefoka, ningesema mmekula njama, ninavyojijua. Lakini ningekuwa na muda wa kumalizia kubisha mama yangu akiwa hai. Sasa naye siwezi kumwomba radhi kwa lile basi lake.

Nakuomba wewe, basi. Sisemi tusameheane, kana kwamba tumekoseana. Nimekukosea mie. Nilikutia hofu ukiwa mdogo, nikaiita ugonjwa, halafu kwa ugonjwa huo wa kukusingizia nikakunyima kumzika bibi yako.

Sasa lile moja nililosema ninalo. Mpango wangu ulikuwa kesho nikutangulie na jekundu, nikuonyeshe Kitonga inavyopandwa. Nimeuacha. Jekundu litabaki hapa uani. Ninaomba nafasi nyuma, pembeni ya hiyo ndoo ya unga. Begi langu ni dogo. Wewe ndiye dereva. Sitakwambia rudisha gia, maana gia zenyewe hamna, sitakwambia lipite lile lori, sitasema hata "angalia." Tukifika Kitonga nitafumba macho mie, nione inakuwaje. Nitarudi Dar na mama yako kwa basi.

Ukisema hapana, sitakuuliza sababu. Nitaamka nikufungulie geti, nitakwambia safari njema, na nitaumia, maana nakupenda na ningetaka kuwa nawe. Lakini sitakuwa na kinyongo. Haki ya kunikatalia ni yako.

Ila ukisema ndiyo, tukifika kule nisije nikatangulia kama baba mwenye msiba wake. Tangulia wewe. Piga goti, umwamkie bibi kwa kamwene, salamu ya kwao, kama alivyokufundisha, chota udongo umtupie. Watatokea ndugu wa kukwambia kaburi limeshasakafiwa, udongo hautupwi baada ya miaka yote hii. Usibishane nao. Waelekeze kwangu, nitakuwa nimesimama nyuma yako. Nitawaambia siku ya kuzika mtoto alikuwa mzima wa afya, na gari lilikuwa na nafasi, nikamwacha.

Baba yako